Mjadala: Ni halali kumfungia mtoto wa kike mchepuo wa sayansi kwa hoja ya ubongo?

FUNDI WA YOMBO

Wadau, habari za jioni. Naomba leo tulijadili jambo moja kwa utulivu, maana limenikaa rohoni tangu Jumamosi.

Binti yangu yuko kidato cha pili, shule moja ya kata huku kwetu Temeke. Jumamosi tuliitwa kikao cha wazazi kuzungumzia mwakani. Mnajua mtoto akiingia kidato cha tatu, fizikia na kemia si lazima tena. Anayetaka anaendelea nazo, asiyetaka anabaki na mchepuo wa sanaa au biashara. Akasimama mwalimu mmoja akatuambia wazazi wenye mabinti tusihangaike. Maneno yake niliyaandika palepale kwenye daftari langu la kazi: "Sayansi yenyewe imeshathibitisha, ubongo wa mwanamke ni mdogo, na umeumbwa kwa ajili ya lugha na malezi. Msiwabebeshe watoto mzigo ambao hawakuumbiwa." Ukumbi mzima ukaitikia kwa vichwa. Jirani yangu wa benchi, baba wa watoto watatu, akaninong'oneza kwamba ameshusha pumzi, maana alikuwa anawaza pa kutoa hela ya tuisheni.

Mimi ni fundi umeme. Narekebisha feni, pasi na majiko, na nafunga waya majumbani. Niliporudi jioni ile nikamkuta binti yangu kakaa kwenye kigoda, mbele yake feni ya meza ya mteja inayounguruma bila kuzunguka. Akachukua penseli, akasukuma panga moja la feni taratibu. Feni ikaanza kuzunguka yenyewe. Akaizima, akasubiri isimame, akaiwasha tena, ikaunguruma tu. Akaniambia, "Baba, mota nzima. Ingekuwa koili imeungua ingenuka, na isingeendelea baada ya kusukumwa. Hii ni kapasita." Tukafungua, tukaweka kapasita mpya, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka, upepo ukatoka. Hilo la penseli sikuwahi kumfundisha.

Basi kwa siku nne nimekuwa nasoma, nikisaidiwa na mpwa wangu anayesomea udaktari. Naweka hapa nilichoelewa, anayejua zaidi anikosoe.

Mwalimu yule hakusema uongo mtupu. Ubongo wa mtu mzima una kilo 1.3 hivi, na ukichukua wastani wa watu wengi, wa wanaume umezidi wa wanawake kwa kama asilimia 10. Tusilikatae hilo. Lakini mwili mkubwa unakuja na viungo vikubwa. Wanaume kwa wastani wamezidi pia moyo na mapafu. Na kilo za ubongo si kilo za akili. Mwandishi wa Urusi Turgenev alipofariki ubongo wake ulipimwa ukakutwa na gramu 2,012. Wa Anatole France wa Ufaransa, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 1921, ulikuwa na gramu 1,017 tu. Wa Einstein, aliyefariki 1955, gramu 1,230, chini ya wastani wa wanaume. Wanaolinganisha ukubwa wa ubongo na alama za vipimo vya akili huona uhusiano, ila ni mdogo mno kumpangia mtoto mmoja maisha.

Halafu kuna neno hilo "wastani", ndilo linalotupoteza. Simama kituo cha Mbagala Rangi Tatu asubuhi. Wanaume kwa wastani ni warefu kuliko wanawake, kila mtu anaona. Lakini nikikwambia ndani ya daladala ile kuna abiria mwenye futi tano na nusu, huwezi kuniambia ni mwanamume au mwanamke. Ubongo uko hivyo hivyo, na zaidi. Mwaka 2015 watafiti walioongozwa na Daphna Joel wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walichambua picha za ubongo zaidi ya 1,400. Walichukua zile sehemu zinazotofautiana zaidi kati ya jinsia mbili, kisha wakatafuta ni watu wangapi ambao sehemu zao zote zimeegemea upande mmoja. Walikuwa wachache sana. Waliobaki ni kama mkeka uliosukwa kwa miyaa ya rangi nyingi: hapa umelalia huku, pale umelalia kule.

Kilichonishika zaidi, kwa sababu ya kazi yangu, ni umri. Ubongo una tabaka la kijivu ambako seli zinafanyia kazi, na ndani yake kuna sehemu nyeupe, ambayo ni nyaya. Weupe ule ni mafuta yanayouzungushia waya mmoja mmoja, yanaitwa mailini. Ni ganda la waya, ndugu zangu. Bila ganda umeme hausafiri inavyotakiwa. Mwaka 2022 watafiti walikusanya picha za ubongo zaidi ya 120,000 za watu zaidi ya 100,000, kuanzia watoto waliomo tumboni hadi wazee wa miaka 100, wakachora ramani ya makuzi. Ujazo wa tabaka la kijivu hufika kilele mtoto akiwa na miaka 6 hivi, baadaye hupunguzwa na kunolewa. Nyaya nyeupe zinaendelea kuongezeka hadi karibu miaka 29. Picha nyingi ni za Ulaya na Amerika Kaskazini, na hilo linaniudhi kidogo, ila mwendo wenyewe ndio huo.

Binti yangu ana miaka 15. Nyumba bado inavutwa waya, na mtu amesimama mlangoni anasema chumba hiki hakitakuwa na taa.

Swali langu: ni halali shule kutumia tofauti za ubongo za wastani kumshauri mtoto aache somo? Walimu, madaktari, wazazi, karibuni. Fomu ya kuchagua masomo inarudi Jumatatu.

MWALIMU MSTAAFU

Ndugu Fundi, nimekusoma mpaka mwisho, na nakupongeza kwa kufuatilia masomo ya mwanao, wengi hawafanyi. Nimefundisha hisabati na fizikia miaka 34, bara na pwani. Niruhusu nisimame upande wa yule mwalimu, maana naona ataliwa nyama hapa.

Kwanza, huo utafiti wa 2015 haukupita bila kujibiwa. Mwaka uliofuata wataalamu wengine waliipa kompyuta picha za ubongo ikatambua kama ni wa mwanamume au mwanamke kwa usahihi wa asilimia 93. Ukitazama sehemu moja moja unaona mchanganyiko, ukizitazama zote kwa pamoja tofauti inajitokeza. Usiseme haipo.

Pili, wastani si kila kitu. Wanaume wametawanyika zaidi, kwa vipimo vingi vya ubongo na hata vya mitihani. Wako wengi chini kabisa na wako wengi juu kabisa. Nishani ya Fields ya hisabati imeanza kutolewa 1936. Mwanamke wa kwanza kuipata, Maryam Mirzakhani wa Iran, aliipata 2014. Hesabu miaka hiyo mwenyewe.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. Wewe una mtoto mmoja anayependa feni. Mimi nimesahihisha madaftari ya mamia ya watoto waliosukumwa fizikia na wazazi. Unafungua karatasi, jina limeandikwa vizuri, tarehe imeandikwa vizuri, halafu kurasa nyeupe hadi mwisho. Matokeo yanatoka ana sifuri, na kwenye kiswahili na historia angepata daraja zuri. Mwalimu anayemwokoa mtoto na hilo namuona ana huruma.

MAMA PACHA

Shikamoo mwalimu. Fundi, salama?

Mimi sina elimu kubwa, nauza viungo soko la Tandika, lakini nina ushahidi nyumbani unaokula ugali. Nina mapacha wa kike, wa kufanana, hata baba yao anawachanganya wakimpa mgongo. Daktari alisema walitoka yai moja, damu moja, kila kitu kimoja. Sasa mmoja ukimpa hesabu ya duka, tuseme kilo tatu na robo za binzari kwa bei ya leo, anakujibu kabla hujafunga kinywa. Mwenzake anaomba simu. Lakini huyo wa simu ukimsimulia kisa leo, mwakani atakirudia neno kwa neno, na sauti za watu atazigiza.

Wote wasichana, wote wangu, wote umri mmoja tena kwa dakika. Huyo mwalimu angewaweka kundi gani?

KAKA WA SINZA

Mama Pacha, hilo halishangazi, akili za mtoto zinatoka kwa mama. Imeshathibitishwa, ziko kwenye kromosomu X, moja ya zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi. Ukitaka mtoto mwenye akili oa mwanamke mwenye akili, mambo ya baba ni sura na hasira tu. Kwa hiyo Fundi, kama binti yako ana kichwa, mshukuru mkeo.

Na kingine: kama ubongo unaiva karibu miaka 30, mbona tunapiga kura na miaka 18?

MTU WA PICHA

Salaam kwa wote. Kazi yangu ni kupiga picha za CT na MRI, zile zinazoonyesha ndani ya mwili, ni mwaka wa 11 sasa, kwa hiyo vichwa nimeviona vya kutosha. Nitajibu kwa mpangilio wangu, mnivumilie.

Kwenye kona ya kila picha kuna jina, umri na jinsia. Ukiifunika kona ile kwa kidole ukaniuliza huyu ana miaka mingapi, nitakaribia. Kwa mtoto mchanga nyaya nyeupe bado hazijawa nyeupe. Kwa kijana ubongo umejaa fuvu, mikunjo imebanana. Kwa mzee mifereji kati ya mikunjo imepanuka na vyumba vya maji vya katikati vimekuwa vikubwa. Ukiniuliza ni mwanamume au mwanamke, nitatafuta dalili kwenye mfupa, paji la uso na unene wa fuvu. Kwenye ubongo wenyewe nitabahatisha.

Mwalimu, kompyuta yako ya asilimia 93 ni ya kweli. Lakini sehemu kubwa ya inachokisoma ni ukubwa. Wakichukuliwa wanaume na wanawake wenye ubongo wa ukubwa sawa, uwezo huo wa kutambua unapungua sana. Mwaka 2021 Lise Eliot na wenzake walipitia tafiti za miongo mitatu, wakahitimisha kwamba ukishaondoa ukubwa, jinsia inaeleza kama asilimia moja tu ya tofauti za maumbile ya ubongo kati ya watu. Na hata ingekuwa asilimia 100, sauti ya mtu kwenye simu inakuambia papo hapo kama ni mwanamke, haikuambii kama anajua kutafuta kipeuo cha pili.

Kaka wa Sinza, hilo la akili za mama linazunguka kwenye simu zetu kila baada ya miezi michache. Chanzo chake kimojawapo ni panya wa maabara, Cambridge, miaka ya 1990. Walitengeneza viinitete vyenye mchanganyiko wa seli, nyingine zikiwa na jeni za mama pekee, nyingine za baba pekee. Za mama zikaonekana zaidi kwenye koteksi, ule ubongo wa juu, na za baba zikajikusanya chini ndani. Kutoka hapo watu wakaruka moja kwa moja hadi kwenye matokeo ya darasa la saba. X kweli imebeba jeni nyingi zinazohusu ubongo. Lakini mtoto wa kike ana X mbili, na moja kaipata kwa baba yake. Jeni nyingine zimetapakaa kromosomu zote. Mwaka 2020 ulitoka utafiti wa watu zaidi ya 50,000 uliopata sehemu karibu 200 za vinasaba zinazohusiana na upana na unene wa koteksi, kila moja ikichangia kidogo sana. Hakuna jeni ya fizikia. Fundi naye achukue shukrani zake.

Mama Pacha, wanao wananikumbusha jambo zuri. Mapacha wa kufanana hukaribiana sana ukubwa wa ubongo, kuliko mapacha wa mayai mawili. Ndiyo maana wanasema ukubwa huo unarithiwa kwa kiwango cha asilimia 80 au zaidi. Lakini ukiweka picha zao mbili ubaoni, mikunjo haifuatani. Mfereji unaopinda hapa kwa huyu, kwa yule umekatika na kuanza tena pembeni. Mikunjo inarithiwa kidogo kuliko ukubwa. Kama alama za vidole, ni za kila mmoja.

Naomba niongeze la wazee, ingawa si swali la Fundi, kwa sababu linanitoa machozi kazini. Analetwa bibi wa miaka 80 na zaidi, familia inasema amebadilika, anatoka usiku, anamuita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyekufa. Mmoja wao ananivuta pembeni kuniuliza kama picha inaweza kuonyesha uchawi. Kumbe kinachoonekana ni ubongo uliosinyaa sehemu ya kumbukumbu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwahi kuwapima wazee wapatao 1,200 wenye miaka 70 na kuendelea, wakakuta kiwango cha ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ni kama asilimia 6.4. Ni watu wengi, si mikosi ya nyumba moja.

Na hapo pia jeni hazitoi hukumu peke yake. Kuna aina ya jeni ya APOE inayoongeza sana hatari ya ugonjwa huo kwa watu wa Ulaya. Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, walilinganishwa na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Kwa Wayoruba jeni hiyo haikuonyesha nguvu ile, na wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa asilimia 1.35 dhidi ya 3.24 kule Marekani. Asili inakaribiana, maisha ni tofauti.

BINTI WA SHERIA

Shikamooni wakubwa.

Nimesoma sheria, sijui ubongo, lakini hoja hii naijua kwa sura. "Wasichana hukomaa mapema." Ndiyo inayotumika mitaani kutetea Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyomruhusu mvulana kuoa akiwa na 18 na msichana kuolewa akiwa na 15 kwa ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alikwenda Mahakama Kuu kuipinga, akashinda mwaka 2016, Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikasema vifungu vile ni kinyume cha Katiba.

Sasa nauliza. Msichana wa miaka 15 akitakiwa kuolewa tunaambiwa kichwa chake kimeshakomaa kumzidi kaka yake. Msichana huyo huyo, miaka hiyo hiyo 15, akitaka fizikia tunaambiwa kichwa chake hakikuumbwa hivyo. Ni kichwa kimoja!

Nimeitafuta hiyo tofauti ya ukomavu. Katika utafiti wa Jay Giedd na wenzake wa 1999, tabaka la kijivu la sehemu ya mbele ya ubongo lilifika kilele wasichana wakiwa na miaka 11 hivi na wavulana 12. Mwaka mmoja. Sheria iliwatenganisha kwa miaka mitatu. Na nyaya alizozitaja Fundi zinaendelea kwa wote hadi wamepita umri wa chuo.

Kaka wa Sinza, la kura ni swali zuri. Ubongo hauna siku ya kuhitimu. Katiba yetu imeweka miaka 18 kupiga kura, 21 kugombea ubunge, 40 urais. Ni mistari ambayo jamii imekubaliana. Lakini tazama, mistari hiyo yote haikuuliza jinsia. Uliouliza ulikuwa wa ndoa, na huo ndio mahakama iliukataa.

MWALIMU MSTAAFU

Wanangu, marahaba. Mmenirudisha mbali.

Miaka ya mwanzo ya 1980 nilikuwa Ludewa, huko milimani. Darasa la watoto 40, nikiita majina naona mashingo yamevimba, rovu. Tulilizoea kiasi cha kuliona ni umbo la watu wa kule. Na wako watoto tuliowaita wazito, wanakaa nyuma, wanarudia madarasa, hatimaye wanakwenda kuchunga. Tulisema ni ukoo. Baadaye ukaja mpango wa kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na baadaye sana chumvi yenye madini joto. Ndipo tukaelezwa kwamba mama akikosa madini hayo akiwa mjamzito, ubongo wa mtoto haukui unavyotakiwa. Ule uliokuwa "ukoo" ulikuwa chumvi.

Nimeishi na hilo. Kuna mtoto mmoja nilimwambia mama yake asipoteze ada. Sura yake naikumbuka, shingo yake naikumbuka.

Kwa hiyo hoja ya maumbile nailegeza, nakiri kwamba niliwahi kukosea kwa kuisoma kwenye mwili wa mtoto. Lakini ile ya kurasa nyeupe sijaiachia. Mtoto asiyeweza hasaidiwi kwa kuambiwa anaweza.

BINTI WA SHERIA

Mwalimu, asante kwa kusema hilo. Kuna wachumi watatu waliochapisha mwaka 2009 kuhusu vidonge hivyo hivyo hapa Tanzania. Walikadiria kwamba watoto ambao mama zao walivipata wakiwa wajawazito walisoma zaidi, kati ya theluthi na nusu ya mwaka au zaidi kidogo, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Wengine waliorudia hesabu zile baadaye wakaona matokeo hayako imara, kwa hiyo siweki mkono wangu wote hapo. Lakini kwamba ubongo wa mtoto unajengwa na lishe ya mama, hilo halibishaniwi.

MAMA PACHA

Mwalimu usijilaumu, ulisema ulichokijua. Ila mzazi akishaambiwa na mwalimu, imekwisha. Sisi sokoni neno la mwalimu hatulipimi kwenye mizani.

FUNDI WA YOMBO

Wadau, nimerudi, nilikuwa na kazi ya kuvuta waya Kijichi mpaka jioni. Nimesoma yote mara mbili na ya Mwalimu mara tatu.

Mwalimu wangu, nakujibu kwa heshima. Hilo la wanaume kutawanyika zaidi mpwa wangu amelithibitisha, lipo. Lakini linazungumzia wale wa ukingoni kabisa, mmoja katika maelfu. Fizikia ya kidato cha tatu si ya ukingoni. Ni nguvu, msuguano, umeme wa betri mbili na balbu. Haimhitaji Mirzakhani. Na tukiitazama hiyo nishani yenyewe: tangu 1936 hadi 2014 hakupatikana mwanamke hata mmoja. Miaka minane tu baadaye, 2022, akapatikana wa pili, Maryna Viazovska wa Ukraine. Ubongo wa wanawake haukubadilika ndani ya miaka minane. Kilichobadilika ni nani anaingizwa chumbani.

Kurasa nyeupe nazikubali, tena zimenihuzunisha. Lakini nakuuliza wewe uliyezisahihisha: za wavulana hazikuwepo? Na mvulana aliyerudisha kurasa nyeupe, kuna aliyesema ni jinsia yake? Tulisema mvivu, tukasema hana kitabu, tukasema shule haina mwalimu wa fizikia tangu Machi. Kwa msichana sababu hizo zote tunaziruka tunakwenda kwenye fuvu.

Kuna jambo moja zaidi nililolikuta, nalipenda sana. London, dereva wa teksi anayetaka leseni lazima akariri mitaa kama 25,000, inamchukua miaka mitatu au minne. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walipiga picha ubongo wa madereva 16, wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu ya njia, ni kubwa kuliko ya watu wengine. Watu wakasema labda walizaliwa hivyo ndiyo maana wakawa madereva. Basi akawafuatilia wanafunzi tangu kabla hawajaanza kujifunza. Mwanzoni walikuwa sawa. Waliofaulu, sehemu ile ilikuwa imeongezeka. Walioshindwa na wasiosoma, haikuongezeka. Watu wazima hao, Mwalimu. Na hapa tunamzungumzia mtoto wa miaka 15.

Kwa hiyo tukimwondoa msichana kwenye fizikia leo, halafu miaka kumi ijayo tukampiga picha tukaona hana walichonacho waliosoma, tutasema tumethibitisha. Kumbe tumekipika wenyewe.

Sidai kila msichana asome sayansi. Pacha wa simu wa Mama Pacha akasome fasihi, awe mtangazaji, sauti hizo ni mali. Nataka mtoto ashauriwe kwa madaftari yake, kwa mtihani wake, kwa anachokifanya mikono yake ikiwa huru. Asishauriwe kwa wastani wa watu wa Ulaya ambao hajawahi kukutana nao.

MWALIMU MSTAAFU

Swali lako kuhusu wavulana limenikamata. Kurasa zao nyeupe zilikuwa nyingi, na hapana, hatukusema jinsia. Hata siku moja.

Nabaki na sharti langu: mtoto apimwe kwanza. Usimuulize tu kama anapenda. Mpe maswali kumi ya kidato cha pili, mepesi matano, magumu matano, akae peke yake saa moja bila simu. Mimi niko Keko. Mlete Jumapili baada ya saa tisa, nitamtungia mwenyewe na kusahihisha mbele yake. Akiyaweza nitakuja nawe shuleni Jumatatu, nikae upande wako wa meza. Asipoyaweza nitakuambia wapi pamepwaya, na hapo tutazungumza kuhusu tuisheni, si kuhusu ubongo.

MAMA PACHA

Mwalimu, naomba nami nije na wawili wangu. Nitaleta na binzari.

FUNDI WA YOMBO

Tunakuja, Mwalimu. Nimemwambia sasa hivi, yuko hapa anachaji simu ya mama yake. Ameuliza swali moja tu, kama anaruhusiwa kuchora mchoro wa sakiti kwa rula au kwa mkono.

MWALIMU MSTAAFU

Kwa rula. Na aje na penseli mbili.